Badali Hana Jina

Blankenberge, Jumamosi, 15 Juni 1963

Msimu umefunguliwa leo, kwa mvua. Bibi Dewulf, mwenye hoteli, alisimama mlangoni tangu saa nane akiitazama bahari kama mtu aliyetukanwa nayo. Saa kumi tukaanza dansi ya chai kwa wazee wachache na mbwa mmoja. Firmin kwenye ngoma, Odilon na besi lake, mimi kwenye piano, sote ndani ya makoti mekundu ambayo hoteli ilitushonea miaka sita iliyopita, jina la kila mtu limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Langu linasema Verstraete, na linabana kwapani. Bibi Dewulf anasema koti halikupungua, ni mimi niliyeongezeka.

Tumepiga walsi, tango, chacha, kisha walsi tena. Bibi mmoja akaomba wimbo wa tangazo la sabuni. Nikaupiga. Niliutunga mimi, kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na Ubelgiji nzima inauimba bafuni bila kujua nani kautunga. Ndiyo kazi yangu iliyofika mbali kuliko zote, mimi niliyetoka chuo cha muziki cha Ghent na tuzo ya kwanza hata ndevu sijaota.

Daftari hili amenipa Yolande, mke wangu. Kasema, "Manung'uniko yako yaandike humo. Masikio yangu yamejaa." Haya basi, naandika.

18 Juni

Mvua. Sabuni mara mbili.

Jumapili, 23 Juni

Asubuhi nimepiga kinanda cha kanisani, maana mpigaji wao anaumwa jino. Mchana nimemsindikiza msichana wa kuimba kutoka Antwerpen ambaye hajui anaanzia wapi wala anaishia wapi. Nimekuwa nikimkimbiza kama mlezi anayemfukuzia mtoto sokoni. Jioni dansi. Katikati ya dansi Bibi Dewulf huturuhusu kidogo kupiga jazi, "lakini isiwe ya kuwatibulia watu chakula tumboni."

Wanamuziki wa pwani hii wananiita Duka la Jumla. Ukitaka chochote, kipo. Nimepiga kwenye sarkasi, kwenye madarasa ya baleti, kwenye uwanja wa kuteleza barafuni. Mwaka wa arobaini na tano niliwapigia wanajeshi wa Kimarekani, na sajenti wao mmoja akaapa kwamba mimi nimezaliwa Chicago na nawaficha. Nimepiga nyuma ya waimbaji ambao sahani zao za santuri ziko katika kila nyumba. Jina langu limo, kwa herufi ndogo, chini kabisa, karibu na la mpiga chapa.

Sahani yangu mwenyewe sina. Nina miaka arobaini na saba, na hilo ndilo jambo moja tu nililolitaka tangu utotoni: sahani moja, nyimbo zangu, jina langu juu. Nikifa bila hiyo watakuwa wamezika duka, na sijaona mtu akililia duka.

4 Julai

Mvua ilikatika saa tano. Saa sita ikajiunga tena.

Jumapili, 21 Julai

Sikukuu ya taifa, bendera zote zimelowa. Mchinjaji mmoja wa Torhout anamwoza binti yake Jumanne na anataka kodiani. Nimekubali.

"Jumanne si una dansi ya chai?" kauliza Yolande.

"Nitatafuta badali."

"Na wakikuita upige filimbi chumba cha maiti, utaenda?"

"Maiti hawaombi sabuni," nikamwambia. Lakini amesema kweli. Sijawahi kukataa kazi maishani. Mtu akiniuliza kama naweza, mdomo unasema naweza kabla kichwa hakijasikia swali.

Huku kwetu badali ana sheria zake. Anavaa koti la mwenye kiti, anakaa kwenye kiti, na mpaka koti livuliwe yeye ndiye mwenye kiti. Hatangazwi. Akisifiwa, anaitikia kwa jina la kotini. Hoteli imebandika Verstraete mlangoni, kwa hiyo wageni wamemsikia Verstraete, wameridhika, wameenda zao. Badali hana jina, ndivyo tunavyosema, na atakayevunja sheria hiyo haitwi tena na mtu yeyote pwani hii yote, kutoka Knokke hadi De Panne.

Nimewapigia simu wote ninaowajua. Ni Julai, kila mwenye vidole ana kazi. Amebaki Camiel Roels, ambaye vidole vyake ndiyo kasoro yake. Mlango wa lori la makaa ulimbana mkono wa kulia zamani, na vidole viwili vya mwisho havikunjiki vizuri. Anaishi na dada yake mwenye kibanda cha chipsi karibu na gati. Tango hajui, chacha hajui, kusindikiza mwimbaji hawezi, kusoma nota anasoma kama mtu anayetafuta miwani. Ana namna moja tu ya kupiga, nayo ni polepole. Tukikaa kunywa bia tunamcheka kwamba akianza wimbo Pasaka anaumaliza Krismasi.

Kakubali upesi mno. Imenitia huruma.

Jumatano, 24 Julai

Harusi ya Torhout: nimepiga kodiani mpaka mabega yamekufa ganzi. Baba wa bibi harusi kalewa, kanikumbatia, kaniita Gerard. Sijui Gerard ni nani.

Leo nimemuuliza Firmin habari za Camiel. Firmin tumecheza naye miaka kumi na moja, haongei ovyo.

"Alikuja," kasema. "Koti lako likamvaa yeye badala ya yeye kulivaa."

"Tango je?"

"Alisema hajui. Akapiga walsi, wazee wakachoka kumsubiri wakaenda kukaa. Ndipo Odilon akamwekea karatasi yako ya 'Kupwa'."

"Kupwa" ni wimbo wangu wa mwaka wa arobaini na saba. Maji ya hapa yakipwa, unaweza kuyafuata mchangani mpaka ukasahau kama kulikuwa na bahari. Naupiga mbio, mkono wa kushoto ukikimbia chini, wa kulia ukimwaga kila kitu nilichojifunza. Ndio wimbo wangu wa kuwaonyesha watu.

"Aliupigaje?"

"Polepole."

"Polepole vipi?"

"Polepole, Achiel! Nilidhani kasinzia."

"Na watu?"

Firmin akawasha sigara kwanza. "Wahudumu walisimama na sinia mikononi."

"Wakicheka?"

"Hapana."

Nikacheka mimi kwa niaba yao wote.

29 Julai

Jua, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Hoteli tupu, wote wako ufukweni. Tumewapigia viti.

Alhamisi, 1 Agosti

Simu ofisini kwa Bibi Dewulf. Mjerumani, Bwana Krahe, wa kampuni ya sahani kule Cologne. Bibi Dewulf alibaki palepale akipanga funguo zilizokwisha pangwa.

"Bwana Verstraete," kasema Krahe, "mimi na mke wangu tuliingia hapo kujikinga mvua. Jumanne ya wiki iliyopita, dansi ya chai. Ule wimbo wa polepole, ni wako?"

"Wangu."

Hiyo ni kweli.

"Usingizi umenipaa kwa ajili yake. Muziki huu nimeusikiliza maisha yangu yote, na kila mpiga piano wa Ulaya ninayemsikia ananieleza amewasikiliza kina nani. Wewe hukunieleza chochote. Ulinyamaza, halafu ukapiga nota moja, halafu ukanyamaza tena. Nataka kukurekodi. Sahani nzima, jina lako."

Hapo ndipo mdomo ulipofunguka useme: bwana, Jumanne ile nilikuwa Torhout na kodiani. Niliyaona maneno kabisa, yamejipanga. Kisha nikasikia sauti yangu inasema, "Naikumbuka Jumanne ile. Kulikuwa na mvua."

Bibi Dewulf kanibusu mashavu yote mawili. Kanunua divai yenye povu, sote tumekunywa saa tano asubuhi. Firmin alipewa glasi, kaitazama, kaiweka mezani.

2 Agosti

"Utamwambia lini?" kauliza Firmin.

"Nimwambie nini? Sheria ni sheria. Aliyepiga ndani ya koti langu ni mimi. Na wimbo ni wangu, au siyo?"

"Wimbo ni wako."

"Basi nikiupiga mimi mwenyewe, mwenye vidole kumi vizima, si ataufurahia zaidi?"

Firmin akasema, "Haya," kwa namna ambayo ningependa anitukane.

Jumanne, 6 Agosti

Naandika nikiwa nimekasirika.

Krahe kaja asubuhi na mkewe, njiani kwenda London. Ukumbi mtupu, viti juu ya meza. Mtu mrefu, mpole, ana miwani minene, na koti la mvua hata ndani ya nyumba. Kasema, "Nipigie ule wimbo tu." Nikakaa, nikampa. Nikampa kila kitu. Mkono wa kushoto ulikimbia kama ulivyokimbia nilipokuwa na miaka thelathini, nota hazikugusana, sikukosea hata mahali pamoja. Sijaupiga vizuri hivyo kwa miaka.

Nilipomaliza nikageuka kuwatazama. Mkewe kasema, "Una mikono ya ajabu, bwana." Krahe alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Leo umechoka?" kaniuliza.

"Sijachoka."

"Basi labda ni mimi. Samahani. Hiki nimewahi kukisikia kwa watu wengine, na wewe unakifanya vizuri kuliko wengi wao. Lakini siku ile ulikuwa mtu mwingine." Kasimama, kafunga vifungo vya koti. "Tarehe kumi Septemba nina studio Brussels. Niletee mtu yule wa Jumanne. Akija huyu wa leo, tutakunywa kahawa na tutaagana vizuri."

Mtu yule wa Jumanne. Nimekaa pale mbele ya piano mpaka wahudumu wakaja kushusha viti. Nimemaliza miaka arobaini nikijifunza kupiga kama kila mtu, na sasa nimeambiwa niondoke nimlete Camiel Roels, mkaanga chipsi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimewaza usiku kucha, na hili ndilo nililoliona. Mimi naweza kumwiga mtu yeyote. Ndiyo biashara ya duka. Nipe mtu, nimsikilize mara tatu, mama yake atamjua kwangu. Sasa Camiel ni nani hata nishindwe?

Jumapili, 11 Agosti

Nimejifanya mgonjwa wa tumbo, nimempigia simu Camiel. Akaja mbio, shati limepigwa pasi. Nami nikaingia kwenye chumba cha vyombo, nyuma ya kioo cha mlango, katikati ya sahani chafu za kome. Mpishi kadhani namvizia mwanamke.

Nimesikiliza dansi yote. Siwezi kuandika alichofanya kwa sababu hakufanya kitu. Anaweka nota, anaiacha, anaitazama inavyokwenda. Nimerudi nyumbani nikajaribu. Ikatoka kama mtu aliyesahau wimbo.

14 Agosti

Tumbo tena. Chumba cha vyombo tena.

15 Agosti

Kanisa limebariki bahari, kama kila mwaka. Askofu kalowa mpaka soksi.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekwenda kibandani kwa dada yake mchana. Bahari imepwa mbali, upepo unapeperusha karatasi za chipsi. Camiel alikuwa anamenya viazi, kisu katika mkono wa kushoto. Kafurahi kuniona hata nikaona haya.

"Tumbo likoje, mwenzangu? Ule wali laini. Bia acha kidogo."

"Nitapona. Camiel, hebu nikuulize kitu. 'Kupwa' yangu, unajuaje nota za kuacha?"

Kanicheka. "Siachi kitu mimi! Nazitaka zote kama wewe. Lakini hivi vidole, mpaka vifike, wimbo umeshapita. Sasa nota ikishanipita, nifanyeje? Naiaga. Halafu nasubiri inayofuata."

"Basi?"

"Basi. Na zile ninazozidaka nazishukuru. Wewe hujui hiyo raha, maana wewe zote zinakujia zenyewe kama njiwa wa uwanjani." Kisha kanyoosha kisu kama aliyekumbuka. "Ah! Sijakwambia. Jumanne ile ya kwanza kuna Mjerumani mmoja alinifuata, koti la mvua, miwani imejaa ukungu haoni, akanishika mkono haachii. 'Asante, Bwana Verstraete, asante.' Mkewe yuko nyuma, leso machoni."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nilikuwa ndani ya koti. Nikasema, 'Karibu tena, bwana.'" Katupa kiazi ndooni. "Nilifurahi kwa ajili yako. Nikasema, hii itamletea Achiel heri."

Dada yake kanipa chipsi, kakataa malipo. Nimezila nikitembea, na zilikuwa tamu, na nililia hadharani mbele ya watoto wenye vindoo. Nimesingizia upepo. Ni kweli kulikuwa na upepo.

19 Agosti

Leo ningemwambia. Mvua imenikatisha njiani. Uongo: mvua haikuwa kubwa.

Jumapili, 25 Agosti

Mara ya tatu nyuma ya kioo. Leo sikusikiliza ili niibe, nilisahau. Nilisahau kabisa nimekuja kufanya nini. Alipofika katikati ya "Kupwa", pale ambapo mimi humwaga nota kama mtu anayemwaga maji ya kunawa, yeye alisimama, na nikasikia kile nilichokitaka niliposimama mchangani mwaka ule wa arobaini na saba na mama yangu ana siku tatu kaburini. Sikuwahi kumwambia mtu kuwa wimbo ule ni wa mama. Nilikuwa nimeufunika kwa nota ili mtu asione. Huyu asiyejua chochote kaufunua, kwa sababu vidole vyake havikuweza kubeba kifuniko.

Siku zote nilimhurumia. Sasa namchukia, na sitaki kujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Jumapili, 1 Septemba

Yolande kanikuta mbele ya piano, vidole viwili vya mkono wa kulia nimevifunga kwa utepe wake wa cherehani. Alidhani nimeumia, kakimbilia bakuli la maji. Ikabidi nieleze. Nimeeleza yote, tangu Torhout.

Hakupiga kelele. Ningependa apige.

"Mwambie Mjerumani," kasema. "Simu ile pale."

"Nikimwambia, atamrekodi Camiel."

"Ndiyo."

"Wimbo wangu!"

"Na jina lako litaandikwa kuwa mtunzi. Kwa herufi kubwa hata."

"Mtunzi! Nilitunga na sabuni! Yolande, nina miaka arobaini na saba. Nimewabeba wote mgongoni, waimbaji, wacheza sarkasi, mapadri. Mara moja tu, mara moja, mtu amegonga mlango akaniulizia mimi."

"Hakukuulizia wewe, Achiel." Kaanza kunifungua utepe, taratibu, kama anafungua jeraha. "Na nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata kama koti ni lako."

Nimemnyang'anya utepe.

3 Septemba

Mvua. Utepe.

5 Septemba

Leo bila utepe. Vimekaa vyenyewe.

Jumanne, 10 Septemba

Tumerudi kutoka Brussels kwa treni. Naandika wakati Yolande yuko jikoni. Hajauliza, mimi sijasema.

Studio ilikuwa chumba cha chini, kuta zimefunikwa mablanketi. Krahe kanipa mkono akanitazama usoni, kama anayetafuta ni yupi aliyekuja. Nikakaa. Nikavifikiria viazi. Nikakifikiria kisu katika mkono wa kushoto, nota zinazopita, namna anavyoziaga. Nikaweka nota ya kwanza, nikaiacha.

Sitajidai kwamba ilikuwa mbaya. Nilifanya kila kitu: jinsi anavyochelewa, jinsi anavyogusa kwa ncha ya kidole kama anapima joto la maji, hata ile pumzi yake kabla ya kugeuza wimbo. Firmin alipiga ngoma akitazama sakafu. Odilon alifumba macho. Tulipomaliza, Krahe alitoka nyuma ya kioo, na mtu yule mrefu alikuwa analia wazi bila aibu.

"Huyu hapa," kasema. "Huyu ndiye. Ulimficha wapi?"

"Alikuwepo," nikasema.

Tukarekodi nyimbo nne kabla ya chakula na nne baadaye. Nyimbo zangu zote nane nilizozihifadhi kwa miaka ishirini, na zote nilizipiga kama ambavyo Camiel angezipiga. Nimeweka sahihi, jina langu litakuwa juu. Nilingoja furaha, nikaingoja hadi Ghent, nikaingoja hadi Bruges.

Kituoni hapa Firmin kashusha ngoma zake, kanipigapiga begani. "Umepiga vizuri sana, Camiel," kasema. Hakucheka. Kaenda zake.

14 Septemba

Sabuni mara tatu. Firmin hanisemeshi ila hesabu za kuanzia wimbo.

20 Septemba

Camiel kapiga simu kuuliza kama tumbo limepona, maana sijamwita tena. Nimesema limepona. "Mungu mkubwa," kasema. Na yeye ana habari: mkahawa mmoja wa Heist unatafuta mpiga piano wa Jumapili, majira yote ya baridi. Kazi yake mwenyewe, jina lake mwenyewe dirishani. Tangu lori lile hajawahi kupata. Watamsikiliza Oktoba. "Nitapiga 'Kupwa' yako, ukiniruhusu."

Nimemruhusu. Ningesema nini?

Jumatatu, 30 Septemba

Msimu umefungwa. Bibi Dewulf kakusanya makoti yapelekwe kufuliwa. Langu nimelivua kwa shida, mshono wa kwapani umeachia. Jua kali siku nzima, kwa dhihaka.

Jumapili, 6 Oktoba

Redio imepiga "Kupwa" baada ya taarifa ya habari. Mtangazaji kasema: pwani yetu ilikuwa na bwana huyu miaka yote, na hatukujua. Sauti yake, kasema, haifanani na ya mtu yeyote.

Simu haijatulia tangu hapo. Mwalimu wangu wa Ghent, mzee wa miaka themanini, kanipigia akilia. Mchinjaji wa Torhout kapiga, bado ananiita Gerard. Yolande kavaa kofia yake katoka kutembea peke yake, karudi giza limeingia.

Camiel hakupiga simu.

Jumatano, 9 Oktoba

Kaja leo mchana. Nilimwona dirishani akivuka njia, shati lile la pasi, nikataka kujificha. Nikakumbuka nyumba hii haina chumba cha vyombo.

Alikataa kukaa. Alisimama karibu na piano bila kuigusa.

"Nimetoka Heist," kasema. "Nilikwenda asubuhi, wakanisikiliza."

"Wakasemaje?"

"Nilipiga wimbo wako. Yule bwana akanikatiza katikati. Kasema, 'Rafiki, sote tuna redio. Huyo ni Verstraete. Kila mpiga piano atakayeingia hapa sasa atajifanya Verstraete. Tupigie kitu chako.'" Kautazama mkono wake wa kulia, kaugeuza. "Nikapiga kingine. Kasema, 'Hicho nacho ni yeye.' Nikapiga kingine."

"Camiel..."

"Nikamwambia ni kweli, nakuiga. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilimwambia nitampigia simu yule bwana, leo hii, nitaeleza. Nilimwambia nitampa nusu ya kila kitu. Nilimwambia wimbo ulikuwa wa mama yangu. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Alisikiliza kama anavyosikiliza nota ikipita.

"Usipige simu," kasema. "Watadhani wivu umenishika nikakulazimisha." Kafika mlangoni ndipo kageuka. Hakuwa na hasira. Nilimtazama sana nikiitafuta, ingenisaidia. "Mimi sheria naijua, Achiel. Badali hana jina. Ila nilidhani nikivua koti, langu narudishiwa."

Katoka. Kashuka ngazi polepole, kama anavyofanya kila kitu, na nimesikia kila hatua yake mpaka barabarani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua. Krahe kapiga simu kutoka Cologne. Sahani haijaingia madukani na tayari wanataka ya pili kabla ya Pasaka, nyimbo mpya. Kaniuliza kama naweza. Mdomo ukasema naweza.

Nimekaa mbele ya piano tangu asubuhi, karatasi tupu, vidole kumi vizima. Nimetunga mwanzo mmoja, si mbaya. Sijui Camiel angeupigaje.